Tarehe ya Kurudi

Basi la kutoka Mombasa lilitushusha Mokowe, na kabla vumbi la Witu halijatutoka mwilini tukawa tumeshaingia botini kuvukia Amu, mji wa kisiwa cha Lamu. Sikuwa nimewahi kufika. Watu wengi huja kutazama milango ya nakshi. Mimi nilikuja kwa swali la bima. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliposhika nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima, watu wa visiwa hivi wamesajiliwa kama Wakenya wengine. Nilitaka kujua mwanachama wa kisiwa cha Pate anapopimwa presha na kuambiwa arudi baada ya mwezi, je, hurudi?

Mjini Amu hapana taabu kubwa. Hospitali ya kaunti ipo karibu, na mgonjwa wa mtaa wa Langoni huenda kwa miguu au akapanda punda. Kazi iko ng'ambo, Pate.

Nilipomuuliza nahodha boti ya kwenda Mtangawanda, bandari ya Pate, inang'oa nanga saa ngapi, alinijibu kwa upole, kama mtu anayemsomesha mtoto: "Maji ndiyo yenye saa, ndugu yangu." Njia ya Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Maji yakipwa, boti yenye shehena hukwama matopeni. Zilikuwa siku za bamvua, basi tukaondoka alfajiri, mwezi mpevu bado uko juu ya bara. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa na kifurushi cha mikate ya mofa na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa akirudi kwao. Jana yake alikwenda Amu kuonana na daktari, akamaliza mchana maji yakiwa yameshakwisha, akalala kwa jamaa.

Njiani nahodha alinifungulia elimu yake. Bamvua, maji makubwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji hujaa alfajiri na tena alasiri, na saa nne au saa tano za asubuhi, wakati kliniki zimejaa watu, bahari ndiyo imekauka. Karibu na tarehe nane na ishirini na mbili za mwezi wa Kiislamu ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na boti hupata nafasi zaidi mchana. Haya kila mvuvi anayajua. Anayeandika tarehe kwenye kadi hahesabu mwezi. Huhesabu siku thelathini.

Kutoka Mtangawanda nilipanda bodaboda hadi Siyu, nikamfuata mhudumu wa afya ya jamii katika mizunguko yake. Ni mmoja wa wale laki moja hivi waliozinduliwa nchini Septemba 2023 na kukabidhiwa mikoba yenye kipima presha, kipima sukari na mizani. Huyu haingii nyumba kwa haraka. Hupiga hodi, huulizia watoto, huketi mkekani, ndipo afungue mkoba. Bibi mmoja mwenye kisukari, ambaye bima yake ameshailipia, alinyoosha mkono mwenyewe. Tarehe yake ya kurudi hospitali ilikuwa imepita.

"Mbona hukwenda, bibi?" aliulizwa.

"Mwanangu, nauli niliipata. Boti ndiyo sikuipata."

Sukari ilikuwa juu. Mhudumu akamtazama nyayo, kidole kwa kidole, kwa kuwa kidonda kidogo cha mguu kwa mwenye kisukari huweza kuishia kukatwa mguu. Akaandika. Nikauliza kama kituo huwa kinampa majina ya waliokosa tarehe. Hapana; hukutana nao kwa kubahatisha.

Hapo ndipo nilipoona mpango unapovuja. Sheria ya bima ya afya ya jamii ya 2023 haikusahau kinga: aliyesajiliwa hutibiwa zahanati na kituo cha afya kwa fedha za serikali, bila kutazamwa kama amechangia. Hospitalini ndiko mchango unakodaiwa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mvuvi hupimwa uwezo wake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Kusi ikivuma, mvuvi wa Kizingitini hashindi baharini. Atoe wapi fedha za mkupuo? Lakini hata aliyelipa, kama yule bibi, alikosa huduma kwa sababu ya kalenda.

Kuna waliolielewa hili mapema. Umra Omar, mwenye asili ya Lamu, alianzisha Safari Doctors mwaka 2015, na waganga wake hupakia dawa na chanjo wakavifuata vijiji vya kaskazini hadi Kiwayu na Kiunga. Mimi ninaloliona zuri kupita yote ni kwamba hapo tarehe ndiyo inayomfuata mgonjwa. Ila shirika moja haliwezi kubeba kaunti nzima.

Wakuu wa afya wa Lamu, tundikeni kalenda ya maji kando ya kila daftari la miadi, tarehe za wagonjwa wa visiwa vya Pate, Ndau na Kiwayu ziandikwe kwa kuitazama. Na kila Ijumaa majina ya waliokosa yafikishwe kwa mhudumu wa mtaa wao. Simu anayo, mkoba anao, na nyumba anazijua.