Kibali Kimoja, Watu Wawili

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliipitisha mbele ya ubao, nikifundisha hisabati, kwanza Mombasa na baadaye Mahé, kisiwa kikuu cha Ushelisheli. Anayeandika kuhusu maisha ya namna hiyo hutarajiwa aeleze mchanga mweupe na minazi, nami sina ugomvi na mchanga wala minazi. Lakini nikiyapima yote niliyoyajua kule, naona kwamba kilichoamua jinsi tulivyoishi mimi na mume wangu hakikuwa bahari, joto wala umbali na kwetu. Kilikuwa kibali cha kazi kilichotolewa kwa jina la mmoja wetu. Wanandoa wanapohamia kisiwani kwa ajira ya mmoja, kazi hufanywa na wawili. Mkataba unaomtambua mmoja peke yake humdhulumu wa pili, na baadaye hasara humfikia hata mwajiri mwenyewe.

Mgeni hafanyi kazi Ushelisheli bila kibali, na kibali huombwa na mwajiri. Hufungwa kwa mwajiri huyo na kwa kazi hiyo, kwa hiyo ukiacha kazi umekiacha na kibali. Mume au mke wa mwenye kibali anaweza kuruhusiwa kukaa nchini kama mtegemezi, ila ruhusa hiyo haimpi haki ya kuajiriwa. Akitaka kazi atafute mwajiri wa kumwombea kibali chake, na mwajiri huyo anatarajiwa kwanza awe amemtafuta raia akamkosa. Kwetu sisi mtegemezi alikuwa mume, fundi umeme mwenye ujuzi kamili. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa watu wa pwani ya Kenya. Tumelelewa tukijua kwamba masurufu ya nyumba ni wajibu wa mume, na kwamba anachochuma mke ni chake, akikitia nyumbani ni kwa hisani yake. Sheria ya uhamiaji haijui mpango huo. Huugeuza juu chini kwa muhuri mmoja, kisha huwaachia wanandoa wenyewe watafute namna ya kuheshimiana upya. Wapo wanaoweza. Wengine hurudi makwao kabla ya mkataba kwisha, na sababu inayoandikwa kwenye barua ya kuacha kazi mara nyingi huwa afya au mambo ya kifamilia.

Sasa tuangalie huyo asiyeajiriwa hufanya nini mchana kutwa, kwa maana hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Mahé ina urefu wa kilomita 27 hivi, na katikati yake ni milima ya mawe ya matale inayofika mita 905 pale Morne Seychellois. Ardhi tambarare ni ukanda mwembamba wa pwani, na sehemu yake imepatikana kwa kufukia bahari. Mashamba ni machache, kwa hiyo mchele, unga, mafuta na maziwa huja kwa meli, na bei zake hubeba nauli ya safari hiyo. Kulisha nyumba kwa mshahara mmoja katika hali hiyo ni kazi ya ustadi. Lazima mtu ajue mashua hurudi saa ngapi, ili anunue samaki kando ya barabara na si kwenye jokofu la duka. Lazima ajue kwamba kusi likivuma, kati ya Mei na Oktoba, bahari huchafuka, samaki hupungua na bei hupanda, basi matumizi yapangwe mapema. Kuna mashelisheli ya msimu, kuna mchicha na pilipili za kupandwa nyuma ya nyumba, kuna ratiba ya basi ya kukariri kwa asiye na gari. Kuna pia foleni za ofisini, maana kibali kina tarehe ya mwisho, na nyaraka za kukihuisha hazijikusanyi zenyewe wakati mwalimu yuko darasani.

La lugha ndilo kubwa zaidi, na sijaona likitajwa popote kwenye matangazo ya kuajiri walimu. Darasani hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwalimu mgeni anaweza kumaliza mkataba wake bila kujua Krioli. Lakini Krioli ndiyo lugha ya sokoni, ya zahanati na ya jirani, na tangu 1982 ndiyo iliyotumika kuwafundishia watoto wanapoanza shule ya msingi. Mtoto wa sekondari hujibu kwa Kiingereza huku akifikiri kwa Krioli. Aliye nyumbani hulazimika kuijifunza, kwa kuwa hana wafanyakazi wenzake wa kuzungumza nao Kiingereza. Yeye ndiye huileta mezani jioni, na kutoka mezani huingia darasani kupitia kwa mwalimu. Mwalimu anayeweza kusikia wanafunzi wake wananong'onezana nini hujua mahali walipokwama. Shule hupata faida hiyo bila kulipa hata senti, na mtu aliyeizalisha hayumo katika orodha yake yoyote.

Fedha nazo zina ushahidi wake. Mwaka 2008 Ushelisheli ilishindwa kulipa deni lake la nje, na mwezi wa Novemba rupia ikaachwa ielee sokoni, ikapoteza karibu nusu ya thamani yake kwa muda mfupi. Mwaka 2020, watalii walipokatika kwa sababu ya korona, ilishuka tena vibaya, ingawa safari hiyo iliinuka mwaka uliofuata. Mgeni anayelipwa kwa rupia ana wajibu kwao: ada za wadogo zake, dawa za wazazi, nyumba iliyojengwa nusu. Wajibu huo huhesabiwa kwa shilingi na hausubiri rupia ipone. Nyumba yenye vipato viwili hutikisika ikasimama, lakini yenye kipato kimoja hukopa. Wala mwenye kibali hawezi kufanya kazi nyingine ya jioni kuziba pengo, kwa kuwa kibali chake kinamruhusu kazi moja tu.

Hoja ya kwanza dhidi yangu ni nzito, nami naiheshimu. Ushelisheli ina watu laki moja hivi. Nchi ndogo namna hiyo ikifungua soko lake la ajira bila mipaka, raia wake wanaweza kujikuta wachache katika kazi zao wenyewe. Ni haki yao kujilinda, na Mkenya anayelalamika kuhusu hilo ajiulize kwanza sheria za kwetu zinamtendeaje mgeni. Ila mimi siombi soko lifunguliwe. Nchi hiyo hiyo huagiza mafundi, wajenzi, wauguzi na watunza wazee kutoka nje kwa sababu raia hawatoshi. Anapoagizwa fundi umeme kutoka mbali, akalipiwa tiketi na kutafutiwa malazi, huku fundi mwingine wa umeme amekaa nyumbani kwa mkewe katika kisiwa hicho hicho, mlinzi wa maslahi ya taifa amepata nini? Huyu wa pili tayari ana paa, tayari anajua lugha, na hana sababu ya kutoroka. Ombi lake lingetazamwa kabla ya kuagiza mtu mpya, gharama ingepungua na idadi ya wageni isingeongezeka hata kwa mtu mmoja.

Wengine husema dawa ni kwenda peke yako, kama wafanyavyo wengi katika kiwanda cha jodari pale bandarini Victoria, katika ujenzi na katika hoteli. Mtu afanye kazi, atume fedha, arudi. Siwalaumu wanaochagua hivyo, na kwa mkataba mfupi pengine ni sawa. Lakini mpango huo hauondoi kazi ya mwenza wa pili, ila huihamishia Kenya, ambako analea watoto na kuuguza wazazi wa pande zote mbili peke yake, bila kutajwa. Tena shule si kiwanda. Mwalimu anayevunja mkataba katikati ya mwaka kwa sababu nyumba yake inavunjika huacha wanafunzi wanaokabili mtihani bila mtu wa kuwafundisha, na kumpata mwingine kutoka ng'ambo huchukua miezi.

Nimesikia pia kwamba Mwafrika wa Mashariki hapaswi kujiona mgeni kule, kwa kuwa wenyeji wengi ni damu yetu. Ni kweli. Kuanzia 1861 manowari za Waingereza zilishusha huko mamia kwa mamia ya watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa, wengi wao wakiwa wa mwambao na bara yetu. Baadaye wakoloni walivitumia visiwa hivyo kuwaweka mbali watawala walioshindwa nao: Kabaka Mwanga wa Buganda alifia huko mwaka 1903, na Kabalega wa Bunyoro alikaa huko hadi 1923, akafa Jinja njiani kurudi kwake. Historia hiyo hukufungulia mlango wa jirani, na katika maisha ya kila siku hilo si dogo. Lakini dirisha la uhamiaji halifunguki kwa nasaba.

Wanaosema kwamba tulichagua wenyewe wana haki, ila mtu huchagua kulingana na alichoambiwa. Wakala wa ajira hutaja mshahara, nyumba na tiketi. Hali ya mwenza huachwa igunduliwe baada ya mizigo kufunguliwa. Serikali ya Kenya, ambayo sasa inahimiza ajira za nje na kutia saini makubaliano na nchi nyingine, ina nafasi ya kurekebisha hili kwa kifungu kifupi: mwenza mwenye ujuzi unaohitajika atazamwe kabla ya kuagizwa mgeni mpya, na masharti yake yaandikwe ndani ya mkataba wa yule aliyeajiriwa. Kwa wanandoa vijana wanaofunga mizigo sasa, nawasihi: kabla ya kutia saini, mwandikieni mwajiri mmwulize mwenza wa aliyeajiriwa ataruhusiwa kufanya nini, na nani atamwombea kibali. Jibu lisipokuja kwa maandishi, msisafiri wawili.