Kiini cha Yai

Vifaranga wangu wa kwanza wa kambare niliwaua kwa yai. Yai moja tu la kuku. Nililichemsha, nikatoa kiini, nikakikamua kwenye kitambaa cheupe mpaka maji yakawa kama maziwa, kisha nikamimina kwenye tangi. Jamaa mmoja sokoni Funyula ndiye aliyenishauri. "Hao wadogo wanapenda kiini," alisema, nami nikamwamini kwa sababu yai halina gharama, na mkebe wa atemia ulikuwa unaenda kwa elfu saba.

Nilimimina kijiko kimoja saa tatu usiku. Niliwaona wakichangamka, nikaongeza cha pili. Nikafikiria usiku ni mrefu, nikaongeza cha tatu. Alfajiri tangi lilikuwa limegeuka jeupe na harufu yake ilinipokea mlangoni. Walikuwa wamelala chini maelfu, wembamba kama vipande vya uzi. Kile walichokula hakikuwaua. Kilichowaua ni kile walichobakisha, kikaoza na kula hewa yote iliyokuwa ndani ya maji.

Mama aliponiuliza saa ya chai wanaendeleaje, nilimwambia, "Wako sawa."

Pesa zilikuwa zake, hapo ndipo shida ilipo. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Nairobi baada ya kandarasi yangu kuisha, na nyuma ya boma kulikuwa na bwawa la marehemu baba. Lilichimbwa wakati ule wa mpango wa serikali wa kufufua uchumi, mwaka wa 2009, mabwawa yalipopangwa 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo bunge 140. Baba alifuga samaki misimu miwili, chakula chao kikapanda bei, bwawa likaachiwa vyura. Nikamwambia mama kwamba siku hizi pesa haiko kwa samaki mkubwa, iko kwa vifaranga. Wavuvi wa mbuta huku ziwani, Port Victoria na Sio Port, hutundika kambare wadogo kwenye ndoano kama chambo, na wanawatafuta kila siku. Kifaranga kimoja, bob kumi. Mama alienda kwa chama chake akakopa elfu sitini. Hakuniuliza maswali mengi.

Kuzalisha kambare si kazi ya kutazama kwa raha. Jike hupigwa sindano ya homoni jioni, na asubuhi unalikamua tumbo taratibu mayai yakimiminika kwenye beseni kama uwele wa kijani. Gramu moja tu huwa na mayai kama 600 au 700. Dume halikamuliki, kwa hivyo unalichinja ili upate mbegu zake. Mama alikuwa amenishikia tochi. Alilitazama lile dume, akasema, "Kumbe huyu naye haoni watoto wake," akanyamaza.

Mayai unayatandaza kwenye wavu ndani ya maji yanayopita, na baada ya siku moja na nusu hivi yanaanguliwa. Siku tatu za kwanza hutakiwi kuwapa chochote. Kila kifaranga huja na akiba yake, kifuko cha kiini kinachoning'inia tumboni. Wazima hukimbilia pembe zenye giza na kurundikana huko, wagonjwa ndio hubaki katikati. Unachofanya ni kunyonya maganda na waliokufa kwa mpira mwembamba, basi. Lakini kifuko kikiisha, hawana subira. Wanataka kitu kidogo kutosha mdomo wao, na ni afadhali kiwe hai, kikitembea, kwa sababu chakula hai hakiozi haraka.

Ndiyo maana safari ya pili nilinunua atemia. Ni vijidudu vya maji ya chumvi, na mayai yake makavu mengi huvunwa Great Salt Lake kule Utah, Marekani. Ukiufungua mkebe unafanana na ugoro. Unapima gramu 30 za chumvi kwa lita moja ya maji, unaweka mayai, unapuliza hewa na kuacha taa ikiwaka. Kesho yake unazima hewa na kusubiri. Maganda yanaelea juu, vijidudu vya rangi ya chungwa vinafuata mwanga chini. Unavinyonya hivyo tu, kwa sababu maganda huziba matumbo ya vifaranga, kisha unavisuuza kwa maji baridi ili chumvi isiingie kwenye tangi. Unawapa kidogo, kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Tumbo la kifaranga aliyeshiba hugeuka rangi ya chungwa, unaliona kama balbu ndogo. Ukiona matumbo yamewaka, unaacha.

Walipofika siku ya sita, upepo ulivuma usiku, stima zikapotea, na pampu ya hewa ikanyamaza.

Kambare mkubwa anaweza kukaa kwenye tope, anapanda juu na kumeza hewa kama mtu. Huyu mdogo bado hajaota kile kiungo cha kumwezesha. Anategemea maji tu. Nilishika jagi nikaanza kuchota na kumimina kutoka juu, kuchota na kumimina, ili maji yabebe hewa. Baada ya nusu saa mkono ulianza kutetemeka. Mama aliingia na tochi, amejifunga leso.

"Hawa ndio wale?"

Ningeweza kusema ndiyo.

"Hapana, mama. Wale walikufa wote. Niliwalisha kiini cha yai, kikazidi."

Alichukua sufuria akaja upande wa pili wa tangi. Tulimimina kwa zamu. Kwa muda mrefu kulikuwa na mlio wa maji tu.

Jina langu ni Mulongo. Kwetu, ukijitambulisha hivyo, mtu anajua papo hapo kwamba kuna Mukhwana aliyetangulia, na wageni huuliza yuko wapi. Nyumbani swali hilo lilikuwa na jibu moja: alikwenda akiwa mdogo. Sikuwahi kupewa zaidi.

"Mukhwana alikuwa mwembamba kukuliko wewe," mama alisema bila kuniangalia. "Watu walikuja kuona pacha, kila mmoja na neno lake. Mmoja akasema maziwa ya mtu mmoja hayatoshi wawili, nimwongezee huyu mdogo uji. Alikuwa na wiki tatu. Alipoumeza nilifurahi, baba. Nikaongeza." Alimimina sufuria. "Aliharisha siku mbili."

Sikujua la kusema. Nilisema, "Pole, mama," neno tunalompa hata aliyejikwaa.

"Wewe endelea kuchota," akasema.

Stima zilirudi karibu saa kumi na moja. Kulipopambazuka tulinyonya waliokufa, na kwa makadirio yangu nusu walikuwa hai. Nusu hiyo nayo haikufika yote. Kambare hawakui sawa, na anayewazidi wenzake huanza kuwameza, akianzia mkiani. Kila wiki inabidi uwachuje, wakubwa tangi hili, wadogo lile. Mwishowe niliuza 2,100. Hiyo ni elfu ishirini na moja, na deni la chama ni elfu sitini, kwa hivyo usinipongeze bado.

Sasa tuko kundi la tatu. Mama amechukua daftari la zamani la chama, akageuza nyuma na kupiga mistari: saa, chakula, maji. Pembeni akaongeza safu ambayo mimi ningeiacha nje, ya waliokufa. Anawahesabu kwenye kisosi cheupe kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, na hataki nimsaidie.

Leo ameandika 14. Amenionyesha, akafunga daftari, akaniambia nisuuze atemia vizuri, jana ilibaki na chumvi.