Simu ya kiunoni ya baba mdogo

Najua nimepotea hewani, mtanisamehe. Likizo nzima nilikuwa nyumbani Kyela, na pale kwetu ukitaka mtandao inabidi upande kichuguu unyooshe mkono. Nimerudi Mabibo juzi na mchele wangu. Watu ambao muhula uliopita walikuwa hawanisalimii sasa wananiita kaka, teh teh teh!

Leo nina kisa cha klipu. Ndiyo, ile klipu ya kuning'inizia simu kwenye mkanda, inayozunguka. Msicheke kwanza.

Mtakumbuka mwezi ule bumu lilipokata, nikawa naishi kwa chai na mihogo. Baba mdogo aliahidi kunitumia hela Ijumaa. Ijumaa ikapita. Napiga, haipatikani. Jumamosi, haipatikani. Jumapili usiku njaa ikaniandikia meseji: "Baba mdogo kama hutaki kunisaidia si useme tu, kuliko kuzima simu." Nikatuma. Mpaka leo nikiikumbuka natamani ardhi inimeze.

Kumbe ilikuwa hivi. Baba mdogo anabeba samaki kwa baiskeli, anachukua ziwani Matema anapeleka Ipinda. Siku hiyo ya Ijumaa klipu ilikatika njiani, simu ikatumbukia kwenye jaruba la mpunga lililojaa maji. Ametafuta kwa mikono mpaka giza, wapi! Hela yenyewe ilikuwa salama, maana haikai ndani ya simu, inakaa kwenye akaunti ya laini. Lakini tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo ilibidi apige pedeli mpaka Kyela mjini na namba yake ya NIDA, aweke kidole, arudishiwe laini. Jumatatu akaichomeka kwenye kiswaswadu cha kuazima. Kitu cha kwanza kuingia ni meseji yangu.

Dakika kumi baadaye nikapokea elfu hamsini. Hakusema neno. Hajawahi kusema neno. Namba za wateja wake wote zilikuwa kwenye ile simu iliyozama.

Sasa mimi ndiye niliyekuwa namcheka kwa kuvaa simu kiunoni. Alipokuja Dar mwaka wangu wa kwanza nilimwomba aitie mfukoni kabla hatujaingia getini, eti washkaji wataona. Akaitia. Sikuwa nimefikiria kwa nini anaivaa pale. Kyela ni tambarare, nchi ya baiskeli. Mtu anayekanyaga pedeli siku nzima akiweka simu mfukoni, paja linaipiga kila mzunguko na jasho linaingia. Akiiweka kiunoni ikasimama wima, akiinama mbele inamchoma tumbo. Ndiyo maana inatakiwa izunguke, ilale. Si ushamba, ni hesabu.

Basi likizo hii nikasema namtengenezea mimi. Mwalimu mtarajiwa wa Fizikia nitashindwaje?

Nikaanza kwa fundi simu pale gulioni, nikamwomba klipu zote zilizokufa. Alikuwa nazo tatu kwenye kopo. Wadau, zote tatu zilikatika mahali pamoja: shingo ya kile kifundo kinachoingia kwenye tundu. Fikiria simu inaning'inia, kila shimo la barabara linaikunja ile shingo huku na huku. Ni kama unavyokata waya bila koleo. Halafu shingo yenyewe nyembamba, na pale inapokutana na bapa kuna kona kali, ufa unaanzia hapo hapo. Kwa kijiti cha mviringo, ukiongeza kipenyo mara 2, mkazo wa kukunjwa unapungua mara 8. Hii niliifanya darasani nikapata alama nzuri na sikuwahi kufikiri inahusu simu ya mtu.

Nikatupa wazo la plastiki. Shingo ikawa boliti ya spana namba 10, pochi ikawa ya mpira wa tairi kuukuu, washa huku na huku, nati nyuma. Na sikuweka klipu ya kubana, maana paja likiisukuma juu inachomoka. Nikaweka kitanzi, mkanda unapita ndani. Fundi viatu akashona kwa uzi wa nailoni. Nikatia ndani jiwe la mizani la nusu kilo, zito kuliko kiswaswadu chochote, nikazungusha, nikarusharusha. Safi. Nikajiona injinia.

Nikavaa, nikapanda baiskeli kuelekea Matema. Sikufika mbali. Nati ilikuwa inafunguka kidogo kidogo kila pochi ilipozunguka, pwaa! Bahati ilikuwa jiwe, si simu.

Nikakaza kwa nguvu zote. Haifunguki, lakini na yenyewe haizunguki. Nikilegeza izunguke, inafunguka. Siku mbili nakaa na spana kama chizi. Siku ya tatu fundi baiskeli, mzee mmoja ambaye sijui kama alimaliza la saba, akanitazama akasema, "Mwalimu, hilo gurudumu ulilokuja nalo linazunguka, mbona nati yake haidondoki?"

Nikageuza baiskeli. Kwenye ekseli koni imekaa kwa kiasi, inaruhusu gurudumu kuzunguka, halafu nati ya pili inakuja kuibana koni isisogee. Zinakazana zenyewe kwa zenyewe, gurudumu haziligusi. Jibu nilikuwa nimelikalia!

Nati mbili basi. Ya kwanza ya kupima ulegevu, ya pili ya kufuli. Katikati nikaweka washa ya mpira wa tyubu, inapata msuguano kidogo, ukiilaza inalala, ukiisimamisha inasimama.

Nikampa jioni, tunakula ugali na mbasa. Nilitaka kusema kuhusu ile meseji, nikaanza, "Baba mdogo, ile siku..." Akawa anazungusha ile pochi kama mtoto. Akasema, "Ndaga fijo, mwanangu," akainuka kwenda kumwonyesha jirani. Sikumalizia.

Ameivaa wiki ya tano sasa, kuanzia ziwani mpaka Ipinda, mvua ya kwetu mnaijua. Jana kanipigia: haijakatika, ila boliti imeanza kutu, kwa hiyo anaipaka mawese kila asubuhi. Nimemwambia mafuta yanalainisha mpira, aache, atie boliti isiyopata kutu. Kasema ataacha. Namjua, hataacha. Na jirani anataka ya kwake, atalipa debe moja la mchele.