Mashine Yangu ya Kwanza

Miaka saba nilikuwa saidia fundi. Nilibeba zege, nikakanyaga udongo, nikakesha nikichochea tanuri la matofali ya kuchoma lisizimike kabla ya alfajiri. Hapa Bulyaga, Tukuyu, kazi hiyo ina adui wawili: kuni na mvua. Mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa tope. Usiku mmoja nilishuhudia tofali elfu tatu za baba yangu mdogo zikiyeyuka chini ya migomba. Asubuhi hakusema neno. Alichukua jembe, akaanza upya.

Ndiyo maana niliposikia habari za tofali za kufungamana, usingizi uliniruka. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulikuwa ukizieneza: udongo na saruji kidogo, unashindilia kwa mashine, unamwagilia maji hadi likomae, basi. Hakuna moto. Tofali lina urefu wa sentimita 30, upana 15 na kimo 10, na hushikana na wenzake kwa meno yake.

Niliuza ng'ombe. Moyo wangu ulitaka mashine ya haidroliki yenye injini, kama zile za Hydraform kutoka Afrika Kusini. Fundi aliyenilea kazini, mzee niliyemwita tata, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, udongo wako umeupima?"

Sikuwa nimeupima. Tukaondoa ule mweusi wa juu wenye mizizi, tukachimba chini yake sehemu mbili za kiwanja. Kila udongo tukautia kwenye chupa ya maji, tukatikisa, tukauacha utulie hadi kesho yake: mchanga ulikaa chini, mfinyanzi juu. Kisha tukajaza udongo mbichi kwenye visanduku vya mbao vyenye urefu wa sentimita 60, tukaviacha vikauke. Wa upande wa juu ulisinyaa kama sentimita mbili, nao ukafaa kwa ndoo moja ya saruji kwa kumi na mbili za udongo. Wa bondeni, mwepesi kama majivu, ulitoa tofali lenye sura nzuri lililomomonyoka mkononi lilipokauka. Injini ingenifyatulia mamia ya tofali hizo kabla sijagundua.

Tata alinishauri nianze na mashine ya mkono. Asili yake ni CINVA-Ram, aliyoibuni Raúl Ramírez huko Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950: sanduku la chuma, kifuniko na mkono mrefu wa kukandamizia. Ukizidisha udongo, mkono unagoma kushuka. Ukipunguza, unashuka kilaini, na hapo hapo unajua tofali hilo ni bovu. Kwa miezi miwili mabega yangu yalinifundisha kipimo ambacho hakuna mtu angeweza kunieleza.

Hata hivyo niliponzwa na haraka. Mashine niliyonunua kwanza, kwa mchomeleaji mmoja, ilikuwa na pini laini. Baada ya wiki chache kifuniko kikaanza kukaa upande, na tofali likatoka na milimita tatu zaidi pembe moja. Milimita tatu si kitu kwenye ukuta unaounganishwa kwa udongo wa saruji, maana fundi huziba tofauti hiyo katikati. Kwenye ukuta wa kufungamana hakuna cha kuziba: kwa kozi ishirini zinakuwa sentimita sita. Ukuta wa jiko la mama ulilala mbele ya macho ya majirani, tukaubomoa. Niliumia sana, kwa sababu mama alikwisha kuanza kupanga vyungu vyake.

Mashine ya pili niliichagua kwa rula. Ninayo hadi leo. Pini na bushi nimebadilisha mara mbili tu.

Wewe unayekwenda kununua ya kwanza, beba gunia la udongo wa kiwanja chako. Mwambie muuzaji afyatue tofali kumi mbele yako, upime la kwanza na la kumi pembe zote nne. Akikataa, beba gunia lako urudi nyumbani na fedha zako.