Kumbukumbu Isiyoonekana
Chuoni kwetu tulikuwa na kompyuta ya zamani itumiayo Windows 7 ya biti 32, mfumo uliotolewa mwaka 2009. Ilipachikwa kumbukumbu ya gigabaiti 4, lakini ikaonyesha kuwa zitumikazo ni 3.25 tu. Wanachuo wakamshuku fundi kwa wizi. Tuliwataka kwanza wakokotoe: biti 32 hutoa anwani 4,294,967,296, moja kwa kila baiti, yaani gigabaiti 4 barabara. Kadi ya picha na vifaa vingine navyo hutengewa sehemu ya anwani hizo hizo. Kumbukumbu iliyokosa anwani haifikiki, ijapokuwa ipo. Fundi akasalimika. Ndugu mwalimu, mtoto asiyejibu darasani huenda anajua. Tafuta njia ya kumfikia kabla hujamhukumu.