Nyumba ya Matumbawe

Katika umri wangu wote wa uashi, sikupata kazi iliyonifunza zaidi ya ile ya kutengeneza nyumba moja ya ghorofa mbili katika Mji Mkongwe wa Unguja, aliyoijenga tajiri wa Kihindi mwanzoni mwa karne ya 20, zama zile J. H. Sinclair alipokuwa akilisanifu jengo la Mahakama Kuu pale Vuga.

Vyumba vyake vilikuwa virefu na vyembamba, wala si kwa hiari ya mwenyewe: boriti ya mkoko, ambayo aghalabu ikikatwa Rufiji na kuletwa kwa jahazi, haistahimili sakafu nzito ya mawe na chokaa upana ukizidi mita 3 hivi, kwa hiyo mti ndio uliokipimia chumba. Lakini pale mbele, juu ya njia, tajiri yule alijifaragua: alitoa roshani ya msaji, mbao zake zimekatwa nakshi za kimiani, na juu ya madirisha akatia vioo vyekundu na vya kijani, ambavyo alasiri vilimwaga rangi sakafuni hadi kwenye kizingiti cha chumba cha pili. Sijaona bado roshani iliyoishinda ile kwa uzuri.

Maradhi yake yalikuwa ukutani. Fundi aliyetangulia alipiga lipu ya saruji, nasi tulipoibandua tulikuta matumbawe yamelowa hata yakimegeka kwa vidole. Jiwe hili hufyonza maji na chumvi kutoka ardhini. Chokaa huuacha unyevu ule utoke, ilhali saruji huufungia ndani, ukaozesha vichwa vya boriti pale vilipoingia ukutani. Basi tukarejea kwenye chokaa ya tanuri, iliyochomwa kwa magogo ya mnazi, ikazimuliwa kwa maji, ikafunikwa miezi kadhaa kabla ya kuchanganywa na mchanga.

Mwenye nyumba aliona tunakawia, na haki yake, kwani gharama zilikuwa zake. Hata hivyo nilishikilia kwamba sakafu ya juu, iliyokuwa wazi kwa mvua, ipigwe kwa magongo kama walivyofanya wazee wetu, watu wamejipanga safu na kuimba kwa kupokezana ili mapigo yasipishane, mpaka uji wa chokaa ukapanda na uso ukashikamana. Masika yalipoingia nilikwenda kuikagua dari kwa chini, nikaikuta kavu.