Kunuka na Kunukia Ndani ya Gari

Kiswahili kina vitenzi viwili, kunuka na kunukia, ambavyo mwanafunzi mgeni huvichanganya kila mara, na mwalimu hana budi kuvitenga mapema kabla havijamtia mtu aibu. Ua hunukia, mzoga hunuka. Mgeni akimwambia mwenyeji wake kwamba pilau yake inanuka, hata kama nia yake ilikuwa kuisifu, ameiharibu karamu. Irabu moja tu ndiyo iliyotenga sifa na tusi. Somo hili nimelifundisha hapa Burundi kwa zaidi ya miaka ishirini. Lakini uzito wake, waalimu wenzangu, nimeupima zaidi ndani ya gari kuliko darasani.

Gari langu ni Toyota Probox, aina iliyojaa katika barabara zetu, lililokuja kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Usukani wake uko kulia, nasi huku twaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini hilo tumelizoea. Jambo ambalo si rahisi kulizoea ni kwamba gari la namna hiyo halina ukuta kati ya abiria na mizigo: kilichowekwa nyuma hunuswa mbele. Siku za kazi hutuchukua waalimu wanne kwenda shuleni, tukichangia mafuta. Siku za Jumamosi humchukua mke wangu kwenda Rumonge, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kununua ndagaa wakavu na, wakipatikana, mukeke wabichi, ambao huja kuwauza sokoni Gitega.

Asubuhi moja ya Jumatatu mke wangu alipanda pamoja nasi ili ashuke sokoni. Mwenzetu mmoja, mcheshi ambaye hana kinyongo na mtu, alifungua mlango, akavuta pumzi, akasema, "Leo tumepanda ndani ya kikapu cha ndagaa." Kila mtu alicheka. Mama watoto hakucheka wala hakujibu. Wiki iliyofuata aliniarifu kwamba amekwisha kupatana na mwenye lori la kumchukulia magunia yake, na mimi nibaki na gari langu la waalimu. Nilipomwonyesha kwamba kodi ya lori itakula faida yote, alinijibu kwa upole, "Baba watoto, shombo hiyo ndiyo inayonunua madaftari. Lakini sitaki kuchekwa nayo." Nikaona kwamba kazi iliyo mbele yangu si ya usafi peke yake.

Aghalabu mtu husema tu kwamba gari lake lina harufu mbaya, akaishia hapo, kisha akaenda dukani kutafuta manukato ya kutundika. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Lugha yetu haikuridhika na "harufu mbaya". Ina shombo na vumba kwa samaki. Ina kutuzi kwa kwapa. Ina uvundo kwa kitu kilicholowa kikakosa hewa. Maziwa husemwa kwamba yamechacha. Majina hayo si mapambo ya kamusi. Kila moja laelekeza kwenye chanzo chake, na dawa ya moja yaweza isimfae mwenzake hata kidogo.

Tuitazame shombo. Samaki anapoanza kuharibika, vijidudu huivunja nyama yake na kutoa kemikali za jamii ya amonia, ambazo tabia yake ni ya magadi. Kwa sababu hiyo ndimu na siki, vilivyo na tabia ya uchachu, huziweza. Mpishi anayemsugua samaki kwa ndimu hufanya kazi ya mkemia bila kujiita mkemia. Lakini ndagaa ana mafuta vilevile, na mafuta yakikaa hewani huharibika na kunuka kwa namna yake. Hayo siki haiyawezi, yataka sabuni. Basi mimi huanza kwa kuondoa zulia la nyuma na kufagia magamba na vumbi la ndagaa, hasa katika mifereji ya viti na pembe za sakafu ambako ufagio wa haraka haufiki. Hufuata sabuni na maji ya uvuguvugu, machache, kwa kitambaa kilichokamuliwa. Mwisho ni siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, kisha milango yote huachwa wazi mpaka kila kitu kikauke. Siki yenyewe hunuka, naam, lakini harufu yake huondoka pamoja na unyevu.

Maziwa ni kinyume chake. Yakimwagika juu ya kiti na kuchacha, kinachonuka ni asidi, na anayeyamwagia siki anaongeza uchachu juu ya uchachu. Hapa dawa ni bikaboneti, yaani ile soda nyeupe ya waokaji, inayonyunyizwa mahali palipokwisha kuoshwa na kukauka, ikalala usiku mmoja, kisha ikafagiliwa. Wala usianze kuosha maziwa kwa maji ya moto, kwa maana moto huigandisha protini ndani ya nyuzi za kitambaa kama unavyoligandisha yai. Matapishi ya watoto nayo yana asidi, na barabara zetu za milimani zina kona za kutosha kuyaleta.

Uvundo ndio hudanganya wengi. Mtu huosha gari kwa ndoo nzima ya maji, huridhika, hufunga vioo, na siku ya tatu gari linanuka kuliko kabla ya kuoshwa. Maji yameingia chini ya zulia, kwenye sifongo isiyoonekana, na ukungu umeota. Kiyoyozi nacho huzalisha uvundo: ndani yake mna kifaa chenye baridi ambacho unyevu wa hewa hugandama juu yake kama umande, na gari likizimwa ghafula umande huo hubaki gizani. Dawa yake haigharimu kitu. Dakika chache kabla ya kufika, zima ubaridi na uache feni ivume, hewa ikaushe kifaa hicho. Magari mengi yana pia kichujio cha hewa nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria, na wapo wenye magari ambao hawajakiona tangu wayanunue. Fundi mmoja wa Buyenzi alikichomoa cha mwenzangu mbele ya macho yangu: kilikuwa na majani makavu, manyoya na mabaki ya kiota cha panya.

Ama manukato ya kutundika, yana historia ya kuchekesha. Kile kijiti cha karatasi chenye umbo la msonobari, kinachoning'inia kwenye vioo vya magari duniani kote, kilibuniwa na Julius Sämann mwaka 1952 huko Watertown, katika jimbo la New York nchini Marekani, na husimuliwa kwamba aliyemchochea ni dereva wa gari la maziwa aliyelalamikia harufu ya maziwa yaliyomwagika. Simulizi hiyo haisemi kama kuna aliyeyaosha maziwa. Manukato hayaondoi kitu. Huongeza cha pili juu ya cha kwanza, na pua ikaletewa kitu cha tatu kisicho na jina katika lugha yoyote. Watu wa pwani, ambao ni mabingwa wa udi na ubani, hawakosei utaratibu huu: nguo hufuliwa kwanza, ndipo ikafukizwa.

Tena dereva ndiye hakimu mbaya kuliko wote. Pua ikikaa ndani ya harufu kwa muda huchoka na kuacha kuitambua, kama sikio linavyoacha kuisikia saa ya ukutani. Nyani haoni kundule, na mwenye gari hanusi gari lake. Kwa hiyo baada ya kulisafisha langu sikujitegemea. Nililifunga juani kutwa, maana joto huzifukuza harufu zilizojificha ndani ya vitambaa, kisha nikamwomba mama watoto afungue mlango na kunusa. Alisema nyuma ya kiti cha kushoto bado. Nikarudia. Jumamosi ya tatu alikubali kwenda Rumonge ndani ya Probox, na tangu hapo magunia hulala juu ya turubai lenye kingo zilizokunjwa kwenda juu, ili maji ya barafu ya mukeke yasitiririke. Yule mcheshi hajasema lolote. Sikumtaka aseme.

Hata hivyo zipo harufu ambazo ni hatari kuzifukuza kabla ya kuziuliza zimetoka wapi. Ukisikia harufu tamutamu kama ya sharubati huku kioo cha mbele kikiingia ukungu wa mafuta, yamkini maji ya rejeta yenye dawa ya kupoza injini yanavuja, na dawa hiyo ni sumu. Harufu ya mayai viza huweza kuwa betri inayochajiwa kupita kiasi. Usiwashe kiberiti karibu nayo. Harufu ya mpira au plastiki inayoungua ni waya. Petroli nayo sisi tumeizoea vibaya, kwa kuwa katika uhaba wa mafuta wa miaka ya 2022 hadi 2024 watu wengi nchini walibeba madumu ndani ya magari yao, pamoja na watoto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kulala sakafuni ukingoja cheche. Kuupulizia marashi ni kama kumvisha nyoka kanzu.

Mwaka 2023 nilisafiri na wanafunzi kumi na mmoja kutoka Gitega kwenda Bujumbura kwenye mashindano ya insha na ushairi. Basi dogo lilikodiwa. Mizigo ilizidi, basi mlango wa nyuma ukafungwa kwa kamba, nusu wazi, na dereva akatundika manukato matatu kwa heshima ya wageni wake. Kabla hatujafika Bugarama wanafunzi wawili walishika vichwa na mmoja akatapika. Dereva alisema ni kona. Huenda wengine wangekubali, maana kona kweli zipo, lakini msichana mmoja wa kidato cha chini, aliyeketi nyuma kabisa, aliuliza, "Mwalimu, mbona manukato haya yana moshi ndani yake?"

Gari linapokimbia, hewa iliyo nyuma yake hupungua nguvu, na moshi unaotoka katika bomba huvutwa kuingia kwa mlango ulio wazi. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, husinzia, na asipotolewa nje aweza asiamke. Gesi yenyewe hainusiki. Kinachonusika ni moshi inaosafiri nao, na huo ndio onyo pekee ambalo pua inaweza kutupatia. Manukato matatu yalikuwa yamelifunika.

Nilimwomba dereva asimame. Alisimama, ila hakufurahi. "Bwana Mwalimu," aliniambia, "wewe fundisha sarufi, gari niachie mimi." Nilimjibu kwamba watoto ni wa wazazi wao na nimepewa kwa hesabu, kumi na mmoja. Tuliwashusha wote, wakakaa upepóni kwenye baridi ya Bugarama kwa nusu saa. Mizigo ikapandishwa juu ya paa na kufungwa kwa kamba ileile, mlango wa nyuma ukafungwa sawasawa, vioo vya mbele vikateremshwa. Manukato niliyaomba mwenyewe nikayatia mfukoni. Vichwa vilipoa kabla hatujaondoka pale. Dereva aliliona hilo na hakubishana tena.

Kutoka Bugarama, ambako ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, barabara huteremka zaidi ya mita 1,000 mpaka Bujumbura kando ya ziwa. Katikati ya mteremko tulianza kunusa kitu kingine: kikali, kama nywele zilizoungua zikichanganyika na chuma cha moto. Wakati huu ni dereva aliyekitambua wa kwanza, kwa kuwa hakukuwa na manukato ya kumziba. "Breki," alisema, akapunguza gia ili injini ishike gari, na mbele kidogo akasimama mwenyewe, bila kuombwa, ili magurudumu yapoe. Tulifika tumechelewa. Yule msichana wa nyuma alipata nafasi ya pili katika insha.

Tuliporudi niliwapa darasa kazi ya kukusanya majina ya harufu, kila mmoja aulize nyumbani, hasa wazee. Walileta shombo, vumba, uvundo, kutuzi, na kutoka katika Kirundi wakaleta mengine ambayo nimeyaandika daftarini mwangu. Lakini harufu ya breki zilizoungua haikupata jina. Madereva husema tu "zimeungua", ambalo ni tendo, si jina la harufu. Mwanafunzi mmoja alipendekeza "chomevu"; darasa lilimzomea, ingawa mimi sioni kosa kubwa katika uundaji wake. Ikiwa madereva wa Bukavu, wanaopanda na kushuka milima kama sisi, au wa Kigali, au wale wa malori yanayokuja Kampala, wanalo neno walilokwisha kulizoea, naomba waalimu wenzetu wa huko waliulizie kwenye vituo na karakana, walilete katika ukurasa huu pamoja na ngeli yake.